Mimba ni amana ya nyumba nzima

  

Ndugu msomaji, katika safu yetu ya leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo aghalabu huachiwa wanawake walizungumze wenyewe jikoni na kliniki, ilhali wanaume ndio mara nyingi wanaoshika funguo zake. Jambo hilo ni mwenendo wa maisha ndani ya miezi tisa ya ujauzito: kinacholiwa, kinachonywewa, kinachovutwa, kinachosemwa na kinachonyamaziwa ndani ya nyumba yenye mja mzito.

Katika Ramadhani ya mwaka uliopita tulijaaliwa kuwa mjini Musoma, mkoani Mara. Baada ya sala ya Ijumaa katika kata ya Iringo, watu walipokwisha kutawanyika, alitufuata kijana mmoja, mvuvi wa Ziwa Victoria, akatuomba dakika chache.

"Shekhe," alisema baada ya salamu, "mke wangu ana mimba ya miezi saba. Jana alianguka bombani akiwa amefunga, na ndoo ya maji iko kichwani. Mama yangu anasema akila mchana atakuwa ameivunja nguzo ya dini. Nimekuja kuuliza: ale au asile?"

Swali halikuwa gumu. Tukamjibu, "Ale, mwanangu, na ale leo hii."

Tulidhani mazungumzo yamekwisha. Kijana akabaki amesimama, akiikunjakunja kofia yake mkononi. Tulipomuuliza kama analo jingine, akatueleza kwamba mimba ya kwanza ilifika mwezi wa nane na mtoto akazaliwa akiwa amekwisha kufa. Tangu siku hiyo mkewe halali usiku, hazungumzi na majirani, chakula anakionja tu, na mara nyingi hushinda akitafuna udongo anaoununua sokoni. "Namwambia asali, amwachie Mungu," akasema, "lakini, Shekhe, naona kama hanisikii."

Mara hii hatukujibu upesi. Maneno yale ya kijana tuliyatambua, kwa kuwa ni maneno yetu wenyewe. Miaka mingi nyuma, tulipokuwa tungali vijana katika kazi hii ya kufundisha, alitujia mama mmoja mjamzito akilia baada ya darsa. Tulimwambia afanye subira na azidishe istighfari, kisha tukaenda zetu. Hatukumuuliza analala vipi, anakula nini, wala nyumbani anaishi na nani. Baadaye ndipo tulipofahamu kwamba alikuwa akipigwa. Mtoto wake alizaliwa kabla ya wakati na hakuishi. Subira tuliyomuusia ilikuwa haki. Tulichokosea ni kudhani kwamba tumekwisha kutimiza wajibu wetu. Kwa ajili ya mama yule, na kwa ajili ya kijana wa Iringo, tumeandika haya.

SAUMU NA MJA MZITO

Tuanze na lile swali la kwanza, kwa kuwa kila Ramadhani huulizwa upya. Mwenyezi Mungu katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, amewaruhusu mgonjwa na msafiri kula na kulipa siku nyingine, na akabainisha kwamba anatutakia wepesi wala hatutakii uzito. Aidha, imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik al-Ka'bi kwamba Mtume (S.A.W.) alimfahamisha kuwa mja mzito na mwenye kunyonyesha wameondolewa ulazima wa kufunga, kama msafiri alivyoondolewa.

Wanazuoni hawakukhitalifiana katika ruhusa hiyo pale inapohofiwa dhara. Walikhitalifiana katika namna ya kulipa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, mwanamke aliyehofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, hulipa siku zake tu. Aliyehofia mtoto peke yake hulipa siku hizo na kutoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku aliyokula. Madhehebu ya Imam Abu Hanifa humtaka alipe siku bila fidia. Kutoka kwa Ibn Abbas imepokewa kauli kwamba fidia pekee inatosha.

Msomaji atazame vizuri. Hitilafu yote hii ni ya deni litakalolipwa baadaye, mama akiwa mzima. Hakuna hata mmoja kati ya maimamu hao aliyesema mama aanguke bombani ili asiwe na deni. Bali wamesema kwamba dhara likiwa la yakini, kufunga humharamikia. Mkwe anayemzuia mkaza mwana wake asile hali ya kuwa anazimia, anadhani anailinda dini, kumbe anaikataa ruhusa ya Mwenye dini.

Anayejihisi ana nguvu na akashauriwa na mtaalamu wa afya kwamba hakuna hofu, huyo na afunge, ajitahidi kula daku iliyoshiba, anywe maji ya kutosha usiku na aache kazi nzito za mchana. Akiona kizunguzungu, mkojo umekuwa mchache na mweusi, au mtoto amepunguza kucheza, afungue papo hapo.

KINACHOVUKA KONDO LA NYUMA

Wazee wetu walidhani kwamba mtoto tumboni amezungukwa na ukuta. Elimu ya leo imetufahamisha kwamba kondo la nyuma ni mlango zaidi kuliko ukuta. Chakula na hewa hupita hapo. Pombe, nikotini na moshi wa bangi navyo hupita hapo hapo.

Mnamo mwaka 1968 daktari Paul Lemoine wa Nantes, nchini Ufaransa, aliwaeleza watoto 127 wa wazazi walevi aliowachunguza, akaonyesha jinsi walivyofanana kwa sura, kwa udogo wa maumbile na kwa uzito wa kujifunza. Miaka mitano baadaye, mwaka 1973, madaktari Kenneth Jones na David Smith wa Marekani wakaandika habari za watoto wanane waliokuwa na dalili hizo hizo, na ndipo maradhi hayo yakapewa jina na kujulikana duniani. Tangu hapo hakuna mtaalamu aliyeweza kuonyesha kipimo cha pombe kilicho salama kwa mja mzito, iwe chupa ya kiwandani, gongo, au pombe ya kienyeji ambayo baadhi ya watu husema huongeza damu na maziwa. Haiongezi hiki wala kile. Barani Afrika, maeneo ya mashamba ya mizabibu ya Afrika Kusini, katika jimbo la Western Cape, yanajulikana kwa kuwa na watoto wengi mno walioathirika namna hii. Serikali yetu ilipiga marufuku pombe ya viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini marufuku ya serikali haiingii chumbani. Kinachoingia chumbani ni mazungumzo ya mume na mke.

Tutaambiwa kwamba Waislamu hawanywi. Laiti ingekuwa hivyo kwa wote! Na hata pale ambapo mke hajapata kuonja tone, sigara ya mume huvutwa na watu watatu: mwenye sigara, mke aliyelala naye chumba kimoja, na mtoto aliye tumboni. Moshi wa tumbaku una hewa ya sumu inayoishika nafasi ya oksijeni katika damu. Mtoto akikoseshwa oksijeni hudumaa tumboni, huzaliwa na uzito mdogo au kabla ya siku zake, na wengine hufa kabla hawajauona mwanga. Ugoro nao haujasalimika, kwa sababu nikotini ni ile ile ijapokuwa haina moshi. Mirungi na bangi navyo vimehusishwa na watoto kuzaliwa wadogo. Na tusiusahau moshi wa kuni na mkaa katika jiko lisilo na dirisha: mama hakuuchagua, bali nyumba imemchagulia. Kupasua dirisha jikoni au kulihamishia jiko uani wakati wa kiangazi hakuhitaji fatwa.

UDONGO, ZEBAKI NA DAWA ZA KUJINUNULIA

Sasa tuje kwenye udongo. Hamu ya kula udongo, au pemba kama uitwavyo sokoni, ni jambo la kale na si la kuchekwa. Mara nyingi huandamana na upungufu wa damu. Mama huutamani udongo, na udongo wenyewe huweza kuzuia madini ya chuma yaliyo katika chakula yasinyonywe na mwili; upungufu ukazidi, na hamu ikazidi. Tena udongo huweza kubeba mayai ya minyoo.

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa ipo khatari nyingine. Watafiti waliwahoji wajawazito 340 katika wilaya ya Geita, kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Wanawake 155 kati yao, yaani karibu nusu, walikuwa wanakula udongo. Udongo huo ulipopimwa ulikutwa na arseniki, kromiamu, nikeli na madini mengine. Mkoa wa Mara nao ni mkoa wa dhahabu. Kuanzia Buhemba wilayani Butiama hadi Tarime wapo watu wanaosafisha dhahabu kwa zebaki. Zebaki ikichomwa hugeuka mvuke usioonekana, na mvuke huo hauchagui nani ni mchimbaji na nani ni mpishi.

Dunia ilikwisha kuonywa. Mwaka 1956, katika mji wa Minamata nchini Japani, yaligunduliwa maradhi yaliyotokana na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, ikaingia katika samaki na kutoka katika samaki ikaingia katika watu. Walikuwepo akina mama waliokula samaki hao wakabaki na dalili hafifu tu, lakini wakazaa watoto waliopooza na kuharibika ubongo. Sumu ilikuwa imempita mama ikatua kwa mwana. Basi asiwepo mume anayechoma zebaki ndani ya nyumba au uani kwake hali ya kuwa mke ni mja mzito, wala asiwepo mja mzito anayepelekwa kuishika kwa mikono kwenye makaro.

Mwenye hamu ya udongo asitukanwe. Aende akapimwe damu, anywe vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi ambavyo Shirika la Afya Duniani limeshauri mja mzito avitumie kila siku, na apate dagaa, maharage, mchicha na matunda. Dagaa wa ziwa letu ni neema. Tuwaache wajawazito wale, pamoja na mayai ambayo mila za baadhi ya koo zimewanyima. Chai na kahawa zisinywewe pamoja na chakula, kwani hupunguza ule ufyonzaji wa madini ya chuma. Zisubiri saa moja au mbili.

Foliki asidi ina siri yake. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne za mwanzo tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kwamba wamebeba. Usipojifunga sawasawa, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na wengi wa hao hupata pia kichwa kikubwa. Kwa hiyo anayetarajia kushika mimba aanze vidonge hivyo kabla, wala asingoje tumbo lionekane.

Ama dawa za kujinunulia dukani, hapo pana msiba wa kimya. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni huweza kuyaathiri mafigo ya mtoto mimba inapopita wiki ya 20. Doksisaiklini huweza kuharibu rangi ya meno yake. Mwanamke na amwambie muuzaji waziwazi, "Mimi ni mjamzito," kabla ya kupokea kidonge chochote. Na mitishamba ya kuharakisha uchungu ni hatari zaidi, kwa sababu huweza kulifanya tumbo la uzazi lijikaze kwa nguvu isiyopimika hadi likapasuka.

Wapo pia wanaoacha dawa za kifafa, za shinikizo la damu au za kupunguza makali ya VVU kwa kuwa wamepewa kombe. Sisi ni watu wa Qur'ani na hatuikanushi baraka yake. Lakini mwenye kumwandikia mgonjwa kombe kisha akamwambia atupe vidonge, amejitwika dhamana ambayo hataiweza. Dawa ikihitaji kubadilishwa kwa ajili ya mimba, abadilishe aliyeiandika.

HUZUNI ISIYOSEMWA

Tumefika sasa kwenye lile lililomfanya kijana wa Iringo abaki amesimama. Mke wake hakuwa mkaidi wala dhaifu wa imani. Alikuwa anaumwa, na ugonjwa wake una jina: sonona.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea takriban asilimia 16 ya wajawazito, na takriban asilimia 20 ya wanawake waliojifungua, hupatwa na maradhi ya akili, na la kwanza miongoni mwao ni sonona. Dalili zake ni kukosa usingizi, kukosa raha hata kwa yale aliyokuwa akiyapenda, kujiona hafai, kulia bila sababu inayoonekana, kuacha kula, na wakati mwingine kutamani kufa. Aliyepoteza mtoto kabla, anayepigwa, anayeachwa peke yake na mwenye njaa ndani ya nyumba wako karibu zaidi na shimo hilo. Na aliyetumbukia humo huchelewa kwenda kliniki, husahau vidonge, na pengine hutafuta faraja katika pombe au tumbaku. Hivyo maovu haya hayaji moja moja. Huja yameshikana mikono.

Tumrejee Bibi Maryam, amani iwe juu yake. Surat Maryam inatusimulia kwamba uchungu ulipompeleka kwenye shina la mtende alitamani lau angekuwa amekufa kabla ya hayo na kusahaulika kabisa. Huyo ndiye mbora wa wanawake, na ulimi wake ulitamka hayo! Je, aliambiwa nini? Hakukemewa, wala hakuambiwa imani yake ni pungufu. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaelekezwa kwenye tende mbivu, akaamrishwa ale, anywe na atulize jicho lake. Maneno ya faraja, maji na chakula: huo ndio mpango wa matibabu uliomo ndani ya Kitabu, na tumeusoma mara ngapi bila kuutenda?

Elimu ya kisasa imefika karibu na hapo hapo. Katika vijiji vya Rawalpindi, nchini Pakistani, wanawake wahudumu wa afya wasio madaktari walifunzwa namna ya kuwatembelea majumbani wajawazito wenye sonona, kuwasikiliza, kuzizungumza fikra zao mbaya na kuwashirikisha jamaa zao. Wanawake 903 walihusika, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Miezi sita baada ya kujifungua, waliotembelewa kwa utaratibu huo na wakabaki na sonona walikuwa asilimia 23. Waliotembelewa kwa namna ya kawaida walikuwa asilimia 53. Kilichofanya kazi hapo ni masikio ya mtu aliyefunzwa kusikiliza. Huko Zimbabwe daktari Dixon Chibanda amewafunza bibi watu wazima kuketi na wenye huzuni kwenye mabenchi nje ya zahanati, na kazi yao imeonyesha manufaa makubwa. Tunao bibi wangapi Mara wasio na wa kuwapa benchi?

Ama kipigo, hatutazunguka. Ngumi ya mume huweza kulibandua kondo la nyuma, mama akatokwa na damu na mtoto akafa. Katika fikihi yetu kumhasiri mtoto aliye tumboni kuna dia maalumu, kama alivyohukumu Mtume (S.A.W.) katika kesi ya wanawake wawili wa kabila la Hudhayl, ambapo mmoja alimpiga mwenzake mjamzito jiwe. Sheria ikiwa inamlipia mtoto ambaye hajazaliwa, vipi baba yake amwone kuwa si kitu? Mwanamke anayepigwa anayo haki ya kwenda kwa wazazi wake, kwa imamu, na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Imamu atakayemrudisha nyumbani bila kumwita mume, basi naye ni mshirika.

KLINIKI ISINGOJE TUMBO

Katika nchi yetu utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wajawazito waliohudhuria kliniki ndani ya miezi mitatu ya mwanzo walikuwa asilimia 24 tu, na waliohudhuria mara nne au zaidi walikuwa asilimia 51. Kufikia utafiti wa mwaka 2022 hao wa mara nne walikuwa wamefika asilimia 65. Katika kipindi hicho hicho, vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Tumshukuru Mwenyezi Mungu na tuwashukuru wakunga na wauguzi. Lakini 104 si tarakimu. Ni majeneza 104.

Kwa nini wengi huchelewa? Baadhi huona haya. Wengine huogopa kijicho, wakaificha mimba ili wasirogwe. Tunasema: ifiche kwa jirani ukitaka, lakini usiifiche kwa muuguzi. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mja mzito aonane na wahudumu wa afya si chini ya mara nane. Huko hupimwa damu, shinikizo, VVU na kaswende. Kuanzia miezi mitatu ya pili hupewa dawa ya kukinga malaria, naye hupaswa kulala ndani ya chandarua kila usiku, hasa kwetu Kanda ya Ziwa ambako malaria ni nyingi. Anayefua na kuoga ziwani aulize pia kuhusu kichocho, kwani dawa yake huweza kutolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo.

Mwezi Novemba 2012 ilizinduliwa nchini kampeni iliyoitwa Wazazi Nipendeni, ambayo iliwapelekea wajawazito na waume zao ujumbe wa simu bila malipo. Jina hilo lilitupendeza, kwa kuwa anayesema hapo ni mtoto, na anaowaambia ni wawili. Hakusema, "Mama, nipende." Alisema, "Wazazi."

Basi mume na ajue dalili za hatari kama anavyozijua dalili za dhoruba ziwani: kutokwa na damu, kuumwa sana kichwa, kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, maji kutoka kabla ya wakati, na mtoto kuacha kucheza. Mojawapo ikitokea, safari ni hospitali saa ile ile. Nauli ya safari hiyo iwekwe tangu mapema, na ijulikane ni nani mwenye chombo cha usafiri usiku.

WAJIBU WA MSIKITI

Tunawaomba maimamu wenzetu, wa Musoma, Bunda, Butiama na kwingineko, watenge walau khutba moja kabla ya kila Ramadhani kueleza ruhusa ya mja mzito, na waieleze mbele ya wakwe na waume, si mbele ya wajawazito peke yao. Darsa za akina mama zimwalike mkunga. Na anayekuja kwetu akilia tumuulize maswali matatu kabla ya kumuusia subira: Unalala? Unakula? Nyumbani uko salama? Majibu yakitutia hofu, tumsindikize kwa mtaalamu wa afya siku hiyo hiyo, kisha ndiyo tumwombee dua. Kumwombea hakumzuii mtu kumsindikiza.

Siku ile tulikwenda na kijana yule hadi kwake, tukiwa pamoja na bibi mmoja anayefundisha wanawake Qur'ani. Sisi tuliketi barazani na mama yake, tukamsomea aya za ruhusa, naye akanyamaza kwa muda mrefu kisha akasema kwamba yeye mwenyewe alifunga mimba zake zote na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba aliweza kula. Bibi aliketi ndani na mja mzito hadi karibu na magharibi. Walizungumza nini hatukuuliza. Kesho yake mume alikwenda naye kliniki, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika mimba ile ya kwanza, na ndoo ya maji akaanza kuichota yeye.

Baada ya Idd alitupigia simu. Mkewe alikuwa amejifungua hospitalini mtoto wa kike, mdogo kidogo kwa uzito, lakini mzima na mwenye sauti. Huzuni yake haijaisha yote, ila anazungumza, na bibi bado anamtembelea. Kisha akatuuliza, "Shekhe, ana deni la siku kumi na tisa. Alipe lini?"

Tukamwambia anyonyeshe kwanza. Siku zile zipo, zitamngoja.

Mwenyezi Mungu awahifadhi akina mama wote walio katika hali hiyo, awape waume wao huruma na wakwe zao busara, na atusamehe sisi kwa wale tuliowaacha waondoke bila ya kuwauliza. Amin.